Shujaa Asiyeshindwa: Somo la Karisi kwa Kiongozi wa Mchezo wa Kuigiza Mezani

Katika masomo yetu ya fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba fanani hatenganishwi na hadhira yake. Tunaliandika hilo katika mtihani, tunapata alama, tunaendelea na mengine. Ni nadra kupata nafasi ya kulijaribu wenyewe, kwa kuketi mbele ya watu watano wanaoweza kuigeuza hadithi wakati wowote na kutulazimisha tuifuate. Mchezo wa kuigiza mezani unatoa nafasi hiyo. Makala haya yanaeleza namna nilivyouongoza mchezo mmoja wa aina hiyo Kibua, kule Masisi inakopakana na Walikale, Kivu Kaskazini. Yanaeleza pia nilichoazima kutoka katika karisi, utendi wa Wanyanga, ili kujibu swali linalowasumbua viongozi wengi wa michezo hii: hadithi itakuwaje na uzito ikiwa mashujaa wake wanaweza karibu kila kitu?

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja wao ni kiongozi: ndiye anayeeleza mandhari, anayewasemea maadui, wazee na majirani, na anayetoa matokeo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu huamua. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wahusika hupanda ngazi kadiri wanavyocheza, na katika matoleo ya sasa ngazi ni 20. Mganga wa ngazi ya 1 anaweza kuuawa na mbwa mwitu wawili. Akifika ngazi ya 17 anaweza kutamka jambo likawa, na mwenzake wa upande wa dini anaweza kuwafufua wafu.

Hapo viongozi wengi hukwama. Baadhi huongeza adui: joka kubwa zaidi, kisha lenye vichwa vingi zaidi, kisha mungu mwenye hasira. Wengine huwanyang'anya wachezaji uwezo wao kwa visingizio, pango lisiloruhusu uganga, pete iliyopotea usiku. Njia ya kwanza inachosha na ya pili ni dhuluma, kwa sababu mtu amekwea ngazi 17 kwa miezi mingi halafu unamwambia arudi chini.

Mimi sikuitafuta njia ya tatu mbali. Ilikuwa nyumbani.

Karisi ni jina ambalo Wanyanga huliita simulizi hizi ndefu zinazosemwa na kuimbwa, na fundi wake huitwa she-karisi. Toleo linalojulikana zaidi lilisimuliwa mwaka 1956 na she-karisi Rureke, likaandikwa na Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Chuo Kikuu cha California kilikichapisha kitabu chao mwaka 1969. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan alitoa kitabu chake maarufu kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, ambamo alitilia shaka kama utendi ni utanzu wa kawaida barani humu. Mabishano hayo tunayafundishwa kila mwaka. Kinachosahaulika ni kwamba, wakati wasomi wanabishana kama utanzu upo, watu wa Walikale walikuwa wakiimba kiitikio chake.

Shujaa wake ni Mwindo, anayeitwa Kabutwa-kenda, yaani kadogo kalikozaliwa kakaanza kutembea. Mtazame kwa jicho la kiongozi wa mchezo. Baba yake, Shemwindo wa Tubondo, ameamuru wake zake saba wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, ana usinga wake uitwao conga mkononi, shoka dogo la kuchongea na mfuko wenye kamba. Baba anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, ngoma inaelea. Kwa lugha ya mezani, huyu ni mhusika wa ngazi ya 20 katika ukurasa wa kwanza! Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliwahi kulalamika kwamba utendi huu hauna taharuki kwa sababu tunajua Mwindo hatashindwa. Nadhani anaitafuta taharuki mahali pasipo pake.

Utendi wa Mwindo hauulizi sana kama atashinda. Unauliza nani anamshika kamba. Anapomfuata baba yake kuzimu, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba na kumwambia: ukiona kamba imetulia, ujue nimekufa. Kule chini Muisa anampiga kwa mshipi wake hadi pumzi inakatika, na huku juu kamba inatulia mkononi mwa shangazi. Uwezo wa Mwindo haujapungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni mtu anayengoja.

Kisha kuna kucheza wiki, kamari ya mbegu, kati ya Mwindo na Sheburungu. Mwindo anaweka dau mali zake, anapoteza. Anaendelea kupoteza mpaka anabaki na conga peke yake. Anaiweka nayo, na hapo ndipo anaporudisha kila kitu. Angalia kwamba hakuna mbegu inayotupwa kabla ya dau kutajwa. Kanuni hii niliichukua kama ilivyo, na ningemshauri kila kiongozi wa mchezo aichukue: usiruhusu dadu itupwe mpaka mchezaji aseme kwa sauti anaweka nini rehani. Katika ngazi za juu sana, "nikikosa ninaumia" si dau. Ataumia, atajiponya.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi, nalo ni ufufuo. Tubondo inateketezwa kwa umeme wa Nkuba, rafiki wa Mwindo. Watu wamekufa. Iyangura anamsihi wasikae katika kijiji kisicho na watu, kwa kuwa Mwindo ana uwezo wa kuwaamsha. Mwindo anataka kwanza ampate baba yake. Wafu wa Tubondo wanaamshwa baadaye, Shemwindo akiwa amerudishwa, na baada ya hapo kunakuwa na baraza ambamo baba anakiri makosa yake mbele ya watu. Ufufuo umewekwa ndani ya kesi. Aliyekosa lazima awepo.

Na hata akishatawazwa, Mwindo hajamaliza kulipa. Anamuua Kirimu, joka lililowala watu wake, na sisi wasikilizaji tunashangilia. Kumbe Nkuba alikuwa amefanya urafiki wa damu na Kirimu. Anamchukua Mwindo juu mbinguni, ambako kwa mwaka mzima Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamkaripia mmoja mmoja. Anarudi na mwiko wa kutoua wanyama.

Kabla ya kuyatumia haya mezani niliomba ruhusa. Kuna mzee Kibua ambaye watu humwita kila panapokuwa na jambo la kusimuliwa, na nilimpelekea bidoni ya kasiksi na kilo mbili za sukari. Nilimweleza mchezo. Alisikiliza kwa muda mrefu, akauliza kama ni kitu cha kompyuta, nikasema hapana, ni vinywa tu. Akatoa sharti moja: "Mtoto wangu, Mwindo asichezwe na mtu. Mtamwita, mtamngoja, lakini hakuna atakayesema 'mimi ni Mwindo'." Nilimshukuru. Sharti lile liliokoa mchezo, kwa sababu lilinipa kisa: Mwindo yuko mbinguni, ule mwaka wake wa kukaripiwa, na kijiji hakina mlinzi isipokuwa watu watano aliowaachia kazi.

Watano wangu walikuwa fundi cherehani, motari mmoja mwenye pikipiki yake, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, na mwanafunzi wa sekondari ambaye ni mdogo wa muuguzi. Hakuna aliyewahi kucheza. Wahusika niliwapa wa ngazi ya 18, tayari wameiva, na nikawaambia waeleze wenyewe wamefikaje hapo. Walimu wa mchezo huu husema anayeanza aanzishwe chini. Sikubaliani. Msikilizaji wa karisi hahitaji kuelezwa kwamba shujaa anaruka mito, alishaliona hilo tangu utotoni. Dadu za pande 20 hazipatikani Kibua, hivyo tulikata vipande 20 vya karatasi ngumu, tukaviandika namba na kuvitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Taa ya sola ilitundikwa kwenye mlango, na majirani wakakaa nje ya dirisha. Hao niliwapa kazi: mmoja wao alijua kiitikio cha Kinyanga, na kila tulipohama kutoka mahali hadi mahali waliuimba mara mbili. She-karisi huwa na vijana wanaogonga vijiti na watu wanaoitikia. Mimi nilikuwa na watoto saba na beseni.

Vita niliviweka mwanzo kabisa na vikaisha kwa dakika kumi na tano. Hili nililikusudia. Kikosi cha mtu aliyeitwa tu Mwenye Moto kilikuwa kimechoma kijiji, na mashujaa wa ngazi ya 18 walikifagia kama majivu. Motari alisimama kitini akishangilia. Mwenye Moto mwenyewe alikufa mikononi mwa mhusika wa mwalimu. Kisha nikaeleza kijiji kilivyo sasa: nyumba saba zimeanguka, kuku wanazunguka, hakuna anayewaita. Na usinga aliouacha Mwindo una uwezo wa kuamsha watu watatu. Watatu tu.

Nikanyamaza.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na sijaiona ikifundishwa popote. Kiongozi anapenda sauti yake. Lakini she-karisi naye husimama, akapumzika, akanywa, akaomba zawadi, na wakati huo hadhira inafanya kazi yake kichwani. Pale mezani ukimya haukudumu. Walianza kubishana, na mabishano yalichukua zaidi ya saa moja bila mimi kuongeza neno isipokuwa nilipoulizwa nani alikuwa nani.

Lazima niseme wazi kitu ambacho msomaji wa mbali huenda asikione. Mezani kwangu hakuna aliyekuwa hana kaburi. Wawili walikuwa wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Kufufua wafu, ambako katika vitabu vya mchezo ni mstari mmoja wenye bei yake kwa almasi, pale si mstari mmoja. Nilikuwa nimewaeleza mapema, kila mmoja pembeni, kwamba hadithi itafika huko, na kwamba mtu yeyote akipiga meza mara mbili tutaondoka sehemu hiyo bila kuulizana. Hakuna aliyepiga. Katikati mwanafunzi aliuliza polepole, "Yaya, na wa kwetu?" Dada yake akamjibu, "Hawa ni wa hadithi. Wa kwetu tutawasema nyumbani." Nikamuuliza kwa macho kama tuendelee, akaitika kwa kichwa.

Mwalimu alitaka aamshwe mtemi, kwa sababu bila mtemi hakuna baraza. Muuguzi akakataa: aamshwe mkunga. Hoja yake ilikuwa ya hesabu, kwamba mkunga mmoja analeta watu ambao usinga hauwezi kuwaleta. Alishinda. Wa pili akawa mtoto ambaye nilikuwa nimemtaja mara moja tu, aliyekuwa akiuza ndizi njiani. Fundi cherehani ndiye aliyemkumbuka, na hakutoa hoja yoyote. Kila mara nilimtaka mchezaji aseme dau kabla ya kuingiza mkono kwenye kopo. Fundi aliweka macho ya mhusika wake: nikikosa nisione tena. Alipata 14. Watoto dirishani waliimba kabla sijawaashiria.

Wa tatu ndiye aliyeufanya usiku ule usisahaulike. Motari, ambaye saa nzima alikuwa amekaa kimya, akasema tumwamshe Mwenye Moto. Wote wakamgeukia. Mwalimu alisema hapana kwa hasira ya kweli, kwani mhusika wake ndiye aliyemuua. Motari akasema: "Tunahesabu nyumba saba, lakini maiti hazitoshi nyumba saba. Wengine aliwapeleka wapi? Ye ndiye anajua." Mimi sikuwa nimepanga hilo. Nilikuwa nimetaja idadi ya maiti bila kufikiri, naye akaihesabu.

Hapa ninafika kwenye jambo la lugha, ambalo nadhani litawavutia wahadhiri wetu wa sarufi kuliko majoka. Kwa idhini ya wote nilirekodi kikao kwa simu, na nimeisikiliza rekodi mara nyingi. Tangu mwanzo wachezaji walisema kwa nafsi ya kwanza: naruka, namshika, nakataa. Walichanganya Kiswahili chetu cha Kivu na cha shule, na ba- na wa- zikipishana katika sentensi moja. Walipokuwa na shaka walihamia dhamira tegemezi, "niingie?", "tumwamshe?", nami nilijifunza kuisikia tofauti hiyo: naingia ni tendo, niingie ni ombi la ushauri, na kiongozi asilihesabu kama tendo. Mabishano mengi mezani hutokana na kiongozi kudaka "niingie" na kumtumbukiza mtu shimoni. Mimi nilisimulia kwa -ka-, kama ngano inavyotaka, lakini nikisimama mbele ya uamuzi wao nilibadilika na kusema kwa -na-: mlango unafunguka, mnafanya nini? Mfululizo wa -ka- huifunga hadithi kana kwamba imekwisha tokea. Ukiitumia mpaka mwisho wa sentensi, mchezaji hana mahali pa kuingilia.

Mwenye Moto alipoamshwa, nafsi zilibadilika. Kama kiongozi ilinipasa nimsemee. Wahusika wote wengine nilikuwa nimewasema kwa "mimi", hata mkunga, hata mtoto wa ndizi. Huyu nilimsema kwa nafsi ya tatu: "Anainama. Anasema yuko tayari kuonyesha. Anasema ni chini ya migomba, upande wa mto." Nilichagua hivyo palepale, kwa sababu kulikuwa na watu mezani ambao sikutaka wasikie "niliwaua" ikitoka kinywani mwa mtu wa kwao. Na wachezaji wakanifuata bila kuambiwa. Motari, aliyekuwa "mimi" usiku kucha, akasema: "Mtu wangu anamuuliza, ni wangapi?" Usemi wa taarifa tunaufundisha kama zoezi la kugeuza sentensi. Pale ulifanya kazi ya ukuta mwembamba kati ya mtu na maneno anayolazimika kuyasema. She-karisi anajua matumizi yake: mara anasimulia kuhusu Mwindo, mara anaimba kama Mwindo, na kila kuhama kuna sababu.

Kamba pia niliitumia, kamba ya katani ya kawaida ya kufungia mizigo. Wahusika wanne walipomfuata Mwenye Moto migombani, fundi cherehani alibaki kijijini na mkunga. Nilimpa ncha moja, nyingine nikaishika mimi. Katika mchezo mchezaji aliyebaki nyuma kwa kawaida huanza kutazama simu yake. Huyu hakuiachia kamba hata nukta moja, na mara mbili aliivuta akiuliza, "Bado muko?" Wengine walilazimika kumjibu kabla ya kuendelea. Kwa gharama ya kamba ya mita tatu, hakuna aliyekuwa nje ya hadithi.

Waliwapata wote waliokosekana. Nilitaja idadi tu, sikueleza zaidi, na watoto dirishani niliwaambia wasiimbe hapo. Usinga ulikuwa umekwisha nguvu. Hakuna aliyeomba niongeze mara ya nne, ingawa nilikuwa nimejiandaa kukataa. Mwalimu aliuliza kama Mwenye Moto atauawa tena. Walipiga kura, wanne kwa mmoja, kwamba Mwindo akirudi ndiye atakayeitisha baraza, na mpaka siku hiyo mtu huyu atakaa kijijini, atachimba na atasomba mawe ya nyumba saba. Yule mmoja alikuwa mwalimu, na wenzake hawakumlaumu.

Likabaki swali la nani atalala karibu na mlango wake usiku. Ilikuwa karibu saa sita, mvua imeanza kwenye mabati na sauti hazisikiki vizuri katika rekodi. Fundi cherehani alisema atalala yeye, lakini apewe kamba.